Maneno Yetu Yanakwenda Wapi?

Swali hilo si langu. Ni la mama mmoja wa bloku yetu hapa Kakuma, mtu wa Fizi kama mimi, ambaye kwa umri wake namwita Mama tu bila kuongeza jina. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango wake, tableti ya shirika mapajani. Nilikuwa mfanyakazi wa insentivu, na kazi yangu ilikuwa kuandikisha watu 40 katika programu mpya ya simu ya afya ya akili. Unaandikishwa, unapewa namba, halafu unaandika mambo yanayokusumbua, na programu inakujibu, iwe mchana, iwe usiku, bila foleni. Nilikuwa nimeshaieleza mara nyingi hata nimejua pa kutabasamu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Sawa, mwanangu. Sasa ile maneno nitasema mule ndani, inaenda wapi?"

Nikamwambia nitauliza. Nikaenda kwa afisa wetu, kijana mzuri, mwenye haraka kama maafisa wote. Akasema yanahifadhiwa kwenye klaudi. Nikarudi kwa Mama. "Yanawekwa kwenye wingu, Mama." Akainua macho. Mnajua anga ya Turkana mwezi wa pili inavyokuwa: nyeupe, hakuna hata kipande cha pamba. Akaniuliza, "Wingu ya nani? Na siku itanyesha, itanyeshea nani?"

Majirani walicheka, nami nikacheka. Hakuweka kidole. Nikaandika "amekataa" na kwenda mlango wa pili.

Usiku ule, nisiwafiche, niliingia mwenyewe kwenye ile programu. Nilikuwa na namba ya majaribio. Nikaandika habari za mdogo wangu na barabara ya kwenda Baraka, mambo ambayo sijamwambia mtu hapa kambini na sitayaeleza kwenye makala haya. Programu ikanipa pole, ikauliza kama ningependa kujaribu zoezi la kupumua. Nikajaribu. Nikalala mpaka asubuhi, kitu ambacho kilikuwa kimenikimbia wiki nyingi. Kwa hiyo msidhani anayeandika hapa ni adui wa mashine. Ilinisaidia. Lakini asubuhi, nikipiga mswaki, swali la Mama likanirudia, na safari hii lilikuwa langu: nimemwambia nani?

Nilianza kutafuta jibu kidogo kidogo, kwa bando ya kuungaunga. Nikakuta swali lina historia ndefu kuliko hizi simu zetu, na kumbe historia yenyewe inaanza na mkimbizi.

Joseph Weizenbaum alizaliwa Berlin mwaka 1923, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1936, akiwa na miaka 13, familia ilikimbia Ujerumani ya Hitler ikaenda Marekani. Alijifunza lugha mpya kama tulivyojifunza sisi, akasoma hesabu, na miaka ya 1960 alikuwa anafundisha chuo cha MIT karibu na Boston. Huko aliandika programu ya kompyuta iliyoweza kujibizana na mtu kwa maandishi. Aliiita ELIZA, akachapisha maelezo yake mwaka 1966. Toleo lake maarufu liliitwa DOCTOR, na liliiga mshauri nasaha wa aina fulani, yule ambaye hakupi jibu, anakurudishia tu maneno yako ili uendelee kusema.

Weizenbaum alichagua mshauri wa aina hiyo kwa sababu ya ujanja wa kazi. Mtu anayerudisha maneno tu hahitaji kujua chochote duniani. Ukiandika "nina huzuni," mashine inauliza umekuwa na huzuni kwa muda gani. Ukitaja mama yako, inakwambia, niambie zaidi kuhusu familia yako. Inatafuta neno moja, inageuza "yangu" kuwa "yako," basi. Haijui huzuni ni nini, wala mama.

Karani wake alikuwa amemwona akiitengeneza miezi mingi, alijua fika kwamba ni programu tu. Siku moja akakaa kuijaribu. Baada ya kujibizana nayo mara chache akageuka, akamwomba Weizenbaum atoke nje ya chumba. Alitaka faragha.

Kisa hicho kinasimuliwa kila mahali wanapozungumzia mashine na akili. Lakini katika kitabu alichotoa mwaka 1976 Weizenbaum alisimulia na kisa cha pili, kinachokaa karibu kabisa na hicho, na ambacho watu hawakitaji sana. Alitoa wazo kwamba mazungumzo yote ambayo watu wamefanya na mashine, tuseme kwa usiku mmoja, yahifadhiwe ili ayasome baadaye. Watu wakamjia juu. Wakamwambia huko ni kupeleleza mambo ya ndani kabisa ya watu.

Mimi nilipofika hapo nilisimama kusoma, nikatoka nje. Mwaka 1966, simu ya mkononi haijazaliwa, na tayari mambo mawili yalikuwa mezani. La kwanza: mtu ataifungulia mashine moyo hata akijua ni mashine. La pili: mwenye mashine anaweza kuyaweka maneno yale na kuyasoma. Miaka 60 sasa dunia inabishana juu ya jambo la kwanza, kama mashine inaweza kusikiliza kweli. Mama wa bloku yetu aliruka hilo moja kwa moja akafika la pili, na shule hakumaliza hata ya msingi.

Mwaka uleule wa 1966, daktari wa akili wa chuo cha Stanford, Kenneth Colby, pamoja na wenzake, walichapisha makala kuhusu programu inayofanana na ile. Wao hawakuona mzaha. Waliona dawa ya uhaba. Washauri ni wachache, hospitali zimejaa, na kompyuta moja ingeweza kuhudumia wagonjwa mamia kwa saa. Baadaye Colby alitengeneza na kuuza programu ya kusaidia watu wenye sonona. Weizenbaum alishtuka. Mtoto aliyeona nchi nzima ikimgeuza mtu kuwa namba hakupenda kusikia wagonjwa mamia kwa saa. Alisema kuna kazi ambazo hata kama mashine inaweza kuzifanya, haifai ipewe.

Ninamheshimu, lakini hapo mimi sisimami naye moja kwa moja. Uhaba si uongo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika maeneo yaliyopitiwa na vita, mtu 1 katika kila 5 ana tatizo la afya ya akili. Hesabu hiyo kwa bloku yako, halafu hesabu washauri unaowajua kwa jina. Colby alikuwa na hoja. Ila hoja ya uhaba ina tabia moja: ikishaingia mlangoni, hakuna anayeuliza tena bei. Mwenye njaa haulizi unga umetoka kinu gani.

Kutoka hapo nitaruka miaka mingi, juu kwa muda mrefu mashine hizi zilibaki vyuoni. Kilichobadilika ni simu janja, halafu pesa za wawekezaji, halafu Covid mwaka 2020, watu walipofungiwa ndani na mawazo yao. Programu za ushauri zikamea kama majani baada ya mvua. Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ni hapa biashara ilipoingia.

Mshauri wa zamani, awe daktari, padri, mchungaji, sheikh au shangazi, anafungwa na kitu. Daktari ana kiapo na leseni, akitoa siri ananyang'anywa. Padri ana sheria ya kitubio. Shangazi ana aibu, maana anaishi hapohapo, na akitangaza habari zako, zake zitatangazwa. Kampuni ya programu inafungwa na mkataba ulioubonyeza bila kuusoma, na kampuni yenyewe ndiyo iliyouandika. Inabidi ilipe wafanyakazi na kuwaridhisha wawekezaji. Siku ada haitoshi, itaangalia ghalani ina nini kingine cha kuuza. Na ghalani kuna maneno.

BetterHelp ni kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 2013, inaunganisha watu na washauri kwa intaneti, kwa malipo ya kila wiki. Ukijiunga unajaza maswali: una huzuni, umewahi kufikiria kujiua, umewahi kupata ushauri kabla, unatumia dawa. Uliahidiwa majibu yatakuwa siri. Machi 2023 tume ya Marekani inayolinda wateja, FTC, ilitangaza kwamba kampuni hiyo ilikuwa imewapa Facebook, Snapchat, Criteo na Pinterest taarifa za watu hao kwa ajili ya matangazo. Barua pepe za watu zaidi ya milioni 7 zilipelekwa Facebook, na kwa sehemu kubwa zilitambulika ni za nani. Ukweli kwamba fulani aliwahi kupata ushauri ukatumika kutafuta wengine wanaofanana naye ili nao watangaziwe. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 7.8 bila kukiri kosa, ikasema ilichofanya ni desturi ya kawaida katika biashara hiyo.

Jibu hilo linanisumbua kuliko kosa lenyewe. Labda walisema kweli, kwamba ni desturi.

Kuna kitu kidogo ndani ya mashtaka hayo ambacho wasomaji wengi wa Marekani labda walikipita, mimi kilinishika. Maamuzi mengi kuhusu matangazo ya Facebook alikuwa amekabidhiwa kijana aliyetoka chuo juzi, hajawahi kufanya kazi ya masoko, na mafunzo ya kulinda taarifa za afya alipata kidogo sana. Nilipomsoma nilijiona mimi na tableti yangu. Mafunzo yangu yalikuwa asubuhi moja, pamoja na chai na mandazi. Siku zote wanaogusa maneno ya watu ni vijana wa mishahara ya chini, na wanaoamua thamani yake wako ghorofa nyingine.

Mtu atasema, hao ni wafanyabiashara, mashirika yasiyo ya faida ni tofauti. Basi msikilize hii. Crisis Text Line ni shirika la Marekani lisilo la faida, lililoanza mwaka 2013. Mtu aliyefika ukingoni usiku anatuma ujumbe, anajibiwa na mtu aliyejitolea. Kazi njema, imeokoa watu, siibishii. Lakini Januari 2022 ilijulikana kwamba shirika lilikuwa linaipatia kampuni iitwayo Loris data ya mazungumzo hayo, majina yakiwa yameondolewa. Loris ilikuwa kampuni ya faida iliyozaliwa na shirika lenyewe, na ilikuwa inatengeneza programu za kuwafundisha watu wa huduma kwa wateja kujibu kwa upole. Yaani kilio cha mtu aliyetaka kufa kinafundisha mashine kumtuliza mteja aliyekasirishwa na bidhaa. Makelele yalipopanda, ndani ya siku chache mpango ulisimamishwa.

Shirika lilijitetea kwamba masharti yalikuwa wazi na watu walikubali. Najiuliza kukubali huko kulikuwaje. Mtu anataka kujiua saa nane za usiku, anapewa masharti asome. Sisi tunajua kukubali kwa namna hiyo. Karatasi yetu ya ridhaa ilikuwa na kurasa nne za Kiingereza na tafsiri ya Kiswahili ambayo nadhani hakuna mtu aliyeisoma kabla ya kuichapisha. Ilisema programu "inatumia biskuti kuboresha huduma." Zilikuwa ni zile alama ndogo za intaneti zinazokufuatilia unakopita, lakini watu waliniuliza biskuti zinagawiwa lini. Wawili waliweka kidole kwa ajili ya biskuti. Nacheka sasa. Siku ile sikuwarekebisha vya kutosha, nilikuwa bado na majina kumi na tano ya kutafuta.

Na hata pale ambapo hakuna aliyeuza kitu, ghala lenyewe ni hatari. Finland, nchi tajiri, yenye sheria kali za Ulaya za kulinda data, ilikuwa na kampuni ya ushauri iitwayo Vastaamo. Mdukuzi aliiba rekodi za wagonjwa, yale maandishi ya mshauri: nani alibakwa, nani ana mchepuko, mtoto gani alisema nini. Kampuni ilipokataa kulipa, Oktoba 2020 mdukuzi aliwaandikia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja: lipa euro 200 ndani ya saa 24, ukichelewa 500, la sivyo siri zako zinatoka hadharani. Walioathirika walikuwa kama 33,000. Kampuni ilifilisika mwaka uliofuata, mdukuzi akahukumiwa kifungo mwaka 2024. Maneno yaliyotoka hayakurudi.

Hapa kambini baadhi yenu mtasema, mimi nani anitafute? Sina hata shilingi. Lakini sisi hatutafutwi kwa shilingi. Januari 2022 wadukuzi waliingia kwenye data ya Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu, taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na ndugu zao. Ndiyo, ile huduma ya kutafuta ndugu, ambayo nusu ya bloku yetu imejaza fomu zake. Na mwaka 2021 Human Rights Watch ilisema taarifa za Warohingya zilizokusanywa na UNHCR pamoja na serikali ya Bangladesh zilifikishwa Myanmar, serikali ileile waliyoikimbia. UNHCR ilipinga, ikasema watu walielezwa na kuulizwa. Sitahukumu hapa. Ninasema tu kwamba kwa mkimbizi, swali la maneno kwenda wapi lina ramani ndani yake. Kuna ng'ambo ya mpaka, na kuna watu ng'ambo ile wanaokumbuka majina.

Sasa, lini mashine hizi zilikuja kwetu wakimbizi? Mwaka 2016, miaka 50 kamili baada ya ELIZA. Kampuni changa ya Marekani, X2AI, ilipeleka Lebanon roboti ya kuchati kwa Kiarabu iitwayo Karim, ikaijaribu na Wasyria. Waliitambulisha kama ya kutoa msaada na kuliwaza, si matibabu. Nawaza Weizenbaum angesema nini, yeye aliyefariki mwaka 2008. Mkimbizi ametengeneza mashine ya kuonyesha jinsi mtu anavyodanganyika kirahisi, na nusu karne baadaye mashine ya ukoo huohuo inajaribiwa kwa wakimbizi.

Neno "kujaribiwa" ndilo naliwekea mstari. Januari 2023 mmoja wa waanzilishi wa Koko, huduma ya watu kusaidiana kwa ujumbe, alitangaza kwamba walikuwa wametumia akili mnemba kuandika majibu yaliyowafikia watu kama 4,000. Watu walipenda majibu yale, mpaka walipojua yalitungwa na mashine; hapo ladha ikaisha. Watu walimkasirikia kwamba walioomba msaada waligeuzwa uwanja wa majaribio. Na Koko, ajabu, chimbuko lake ni utafiti wa MIT, nyumba ileile ya ELIZA. Kwetu Kongo, kwa Kilingala, koko ni babu au bibi. Mtu wa Kinshasa akiambiwa atajibiwa na Koko, anategemea bibi.

Na mabibi wapo, wanafanya kazi hiyohiyo. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 wa Mbare, Harare, baada ya kumpoteza mgonjwa aliyekosa nauli ya kuja hospitali. Mabibi walifundishwa namna ya kusikiliza na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kushughulikia, wakawekewa benchi la mbao nje ya kliniki. Kwa Kishona ugonjwa huo wanauita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Sisi tunasema tu "ana mawazo." Utafiti uliofanywa na watu 573 ukachapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipona dalili vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi lile halina seva. Lina bibi, na bibi huyo anaishi mtaa uleule.

Lakini mabibi nao huchoka, na wengine husema sana, tusidanganyane. Mradi ulionipendeza kuliko yote uko karibu nasi, Uganda, kambi ya Rhino. Huko akina mama wa Sudan Kusini walikaa vikundi vikundi, mara moja kwa wiki kwa wiki tano, wakasikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba ikiwafundisha namna ya kubeba mawazo mazito, na kitabu cha picha mkononi. Mpango wa Shirika la Afya Duniani. Waliongozwa na watu wa hapohapo, wenye mafunzo mafupi. Utafiti wa akina mama 694, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha mzigo ulipungua, angalau kwa miezi mitatu waliyofuatiliwa. Angalieni jinsi kifaa kile kinavyofanya kazi. Ni spika. Maneno yanatoka kwenye spika kuja kwa mama. Hakuna anayelazimishwa kusema kitu chake. Mashine inatoa, haichukui. Watafiti waliwauliza maswali ya utafiti, sawa, lakini tiba yenyewe haikuhitaji ghala.

Kwa hiyo sikubali ninapoambiwa hakuna njia nyingine, kwamba ukitaka huduma ya simu lazima utoe maneno yako. Ni uchaguzi wa anayetengeneza, na uchaguzi huo mara nyingi unafuata pesa. Kuna gharama ya kuhudumia, na kuna thamani ya kile kinachokusanywa. Nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, najua wengi wenu hamtengenezi programu hizi. Mnaletewa na wafadhili, zikiwa na nembo na tarehe ya ripoti. Lakini mlango wa Mama mnaubisha nyinyi, au mnatutuma sisi kuubisha.

Sheria zipo. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Uganda pia 2019, Tanzania 2022. Sheria ya Kenya inaweka habari za afya yako kwenye kundi la taarifa nyeti, na inakupa haki ya kujua zinatumikaje na kuomba zisahihishwe au zifutwe. Haisemi haki hizo ni za raia peke yao. Na si sheria ya kwenye karatasi tu: mwaka 2023 watu walipopanga foleni KICC Nairobi kupigwa picha za macho na Worldcoin kwa malipo ya kama shilingi 7,000, serikali iliisimamisha. Ila sisi tulishatoa vidole zamani, kwa ajili ya chakula, na mtu aliyezoea kutoa kidole ili ale haoni tofauti akiombwa kidole kwa jambo lingine. Tofauti hiyo ndiyo inapaswa kuelezwa mlangoni, kwa lugha yake, kabla ya tableti kuwashwa.

Mradi wangu ulidumu miezi minane. Ufadhili ukaisha, tableti zikakusanywa kwenye boksi, nikasaini. Kuna watu kwenye orodha yangu walikuwa wameizoea ile programu, wanaandika kila usiku. Walifungua siku moja wakakuta haifunguki. Hakuna aliyewaambia, nami sikuwa nimeambiwa. Hilo nalo si letu peke yetu: Woebot, mojawapo ya programu maarufu za aina hiyo, iliyoanza 2017, ilifungwa tarehe 30 Juni 2025, ingawa wao angalau waliwatangazia watumiaji mapema. Rafiki anayekufa ripoti ya mwisho ikitumwa, huyo ni rafiki wa namna gani?

Niliandika barua pepe kuuliza maneno ya watu wale 40 yako wapi. Kwa kweli walikuwa 37, na mimi wa 38. Nikajibiwa kwa heshima kwamba mradi umefungwa na aliyehusika amehamia nchi nyingine. Niliandika tena, nikaomba ya kwangu yafutwe, nikataja namba yangu ya majaribio. Sijajibiwa. Kwa hiyo habari za mdogo wangu ziko mahali, zina namba, na mimi siwezi kufika zilipo.

Mwezi huu shirika lingine limekuja na programu nyingine, hii inapita WhatsApp. Nimeitwa tena kwa insentivu, na tangu mgao ulipokatwa mwaka 2025 sina nafasi ya kuringa, nina watoto wawili. Kwenye mkutano wa Jumanne nilinyanyua mkono. Niliuliza nani analipa, na akiacha kulipa itakuwaje. Niliuliza seva iko nchi gani, nani anaweza kusoma, na kama kampuni ikiuzwa maneno yanauzwa nayo. Niliuliza mtu akitaka kufuta amwone nani hapahapa Kakuma, mtu mwenye jina na meza. Nikaomba majibu yaandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ili niende nao mlango hadi mlango.

Afisa, dada mmoja mpole, aliandika maswali yote kwenye daftari. Hakukasirika. Alisema ni maswali mazuri na atauliza makao makuu.

Jana nilipita kwa Mama nikamweleza. Aliniuliza kama yule dada ameandika jibu. Nikasema bado. Akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Kuandikisha kunaanza Jumatatu, na jina langu liko kwenye orodha ya waandikishaji.